Nchi Zote Isipokuwa Moja

Kifurushi cha kwanza kilifika siku ya Jumanne, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo matatu, na mwanamke aliyekileta hakuuliza hata swali moja.

Rosalie alipanda kwa miguu mpaka ghorofa ya nne, kwa kuwa lifti ya jengo lile la Nechells, Birmingham, ilikuwa mbovu tangu Krismasi. Alisimama mlangoni akihema, kisha akaingia na kuuweka mfuko juu ya meza ya Orpha, mwenzake wa kanisani, taratibu, kama mtu aliyebeba mayai. Ndani mlikuwa na miwani ya kusomea, paketi kadhaa za dawa ya presha na kitenge kipya, vyote vya mama yake mzazi aliyebaki Bukavu. Nyumbani hamkuwa na mtu zaidi yao wawili, lakini alishusha sauti.

"Ni kakitu kadogo tu, Mwalimu. Kule unaenda, mtu atakuja kuvichukua. Weye usivuke. Atakukuta upande huu wa daraja."

Orpha akafungua mdomo. Rosalie akainua kiganja kumzuia.

"Hapana, usiniambie. Miye siulizi. Siku wakiniuliza, nitasema sijui, na itakuwa kweli."

Akamgusisha shavu mara tatu, akashuka ngazi akiimba wimbo wa kwaya puani. Orpha akabaki anautazama ule mfuko. Yeye alikuwa mtu wa hasira zinazochelewa. Ilimfikia baada ya robo saa, akiwa anaosha kikombe, na kikombe kikavunjika mpini ndani ya sinki.

Hakuwa anaenda kule. Alikuwa anaenda Meksiko kwa wiki mbili, kuyaona majengo ya mawe ya Wamaya na kukaa mchangani kando ya bahari.

Mwaka ule wa 2007 Orpha alikuwa na miaka arobaini na sita. Huko Bukavu alikuwa amefundisha historia kwa miaka kumi na mmoja katika shule ya sekondari ya wasichana. Kitabu cha kufundishia kilikuwa cha Kifaransa, kizee kuliko baadhi ya walimu, na katika ukurasa wa mia moja na kumi na mbili palikuwa na picha moja isiyo na rangi. Piramidi yenye ngazi ilisimama katikati ya msitu, na kando yake mzungu mwenye kofia, aliyewekwa pale ili msomaji aone ukubwa wa jengo. Chini ya picha palikuwa na mistari mitano. Wamaya walijenga, wakasoma nyota, wakatunga kalenda, kisha wakatoweka. Kila mwaka Orpha aliwasomea wasichana mistari hiyo, na kila mwaka msichana mmoja aliinua mkono na kuuliza walikwenda wapi. Kila mwaka alijibu kwamba kitabu hakisemi. Kwenye mtihani, aliyeandika kwamba walitoweka alipata alama yake.

Mume wake, Gédéon, alikufa mwaka 1999 kwa homa ambayo ingepona kama barabara ya kwenda hospitali ingekuwa wazi wiki ile. Walimzika nyuma ya kanisa, Kadutu, huko huko Bukavu. Miaka miwili baadaye Orpha mwenyewe alikuwa Birmingham, katika jiko la hospitali upande wa Bordesley Green, akipanga sahani za viazi vya kuponda kwenye masinia ya wagonjwa. Wakubwa wake wa kazi walimwona mtu mpole asiye na habari nyingi. Ni kanisani tu ndiko alikoitwa Mwalimu.

Jikoni humo ndimo alimokutana na Gurmeet, mjane aliyemzidi miaka kumi, ambaye kila mwaka alisafiri peke yake bila kumwomba mtu ruhusa. Gurmeet alikuwa na kanuni zake za kusafiri bila fedha nyingi, na alizikariri kama mtu anayesali: panda basi la daraja la pili, kula wanapokula madereva wa mabasi, lala kwenye bembea ya kamba kama wenyeji, na usibebe mzigo usioweza kukimbia nao. Siku moja wakati wa chakula cha mchana alitoa bahasha ya picha za safari yake ya mwisho. Orpha alifika kwenye picha ya nne, akaacha kutafuna. Ilikuwa ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, safari hii wenye rangi, na bila yule mzungu.

Alimwambia Gurmeet siku hiyo hiyo kwamba mara nyingine wataenda wote. Ilichukua miaka miwili. Alifanya zamu za sikukuu zote ambazo wenzake walizikimbia, akaenda London kuomba viza, akajibu maswali yote, akapewa. Kisha akaenda Sparkhill, kwenye duka dogo la tiketi barabarani Stratford Road, lililobanwa kati ya bucha na duka la majuba. Mwenye duka alikuwa Mohamedamin, Msomali aliyekulia Nairobi, na alianza kubonyeza kompyuta kabla Orpha hajaketi.

"Ni Kigali ama Entebbe, mama?"

"Cancún."

Mohamedamin akaondoa vidole kwenye kompyuta. Akauliza kama hiyo iko upande wa Bujumbura. Alipoambiwa iko Meksiko, akaegemea kiti, akamtazama vizuri.

"Nani amekufa huko?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi kuna arusi."

"Hakuna arusi."

"Sasa mama, unaenda kufanya?"

"Kutembea."

Alicheka mpaka akavua miwani, lakini halikuwa cheko baya. Alisema amekaa kwenye kiti kile miaka saba na hajawahi kumuuzia Mkongo hata mmoja tiketi ya kwenda mahali asipomjua mtu. Kisha akatafuta kwa bidii, akampatia ndege ya bei ya chini kabisa, na alipokuwa anampa karatasi alimwambia amletee picha. Huyo ndiye mtu pekee aliyemuuliza Orpha anakokwenda, na aliuliza kwa sababu kompyuta yake ilidai jibu.

Kwa watu wake mwenyewe hakusema. Aliona aibu. Kila sentensi aliyoitunga ilikuwa fupi mno: naenda baharini. Nani, katika watu waliofika Birmingham kwa njia waliyofika wao, alikuwa anaenda baharini? Akaamua ataondoka kimya na kurudi kimya. Lakini Rosalie alikuwa mfagiaji katika hospitali ile ile, na ukutani mwa jiko palibandikwa orodha ya likizo. Orpha, ambaye hajawahi kupumzika zaidi ya siku tatu, alikuwa ameandikiwa wiki mbili. Rosalie hakuhitaji zaidi ya hapo.

Wakongo wote wa kanisa lao walikuwa na kitabu kile kile cha kusafiria, cha mkimbizi, chenye jalada la bluu. Kinakuruhusu kwenda popote isipokuwa nchi uliyoikimbia. Lakini uchaguzi wa Kongo ulikuwa umepita, watu walikuwa wanasema barabara zimetulia, na mmoja mmoja walianza kwenda. Walishukia Kigali, wakapanda gari mpaka mpakani, wakavuka daraja la Ruzizi kwa miguu katikati ya wanawake wa sokoni, bila kugongewa muhuri. Hakuna aliyesema amekwenda. Aliyerudi alirudi amekonda kidogo na kunenepa roho, na watu walimsalimia kama mtu aliyetoka Coventry, mji wa jirani. Kutouliza kulikuwa kumegeuka adabu. Na kwa kuwa haulizwi, msafiri hana nafasi ya kukataa mzigo.

Basi vifurushi vikaja. Simu mbili za mkononi. Suti ya harusi ya kijana wa Uvira, imekunjwa vizuri pamoja na tai. Nguo za mtoto ambaye hajazaliwa. Mama mmoja mzee alileta meno ya bandia ya dada yake, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kila mmoja alikonyeza jicho, akasema "kule", akaondoka. Orpha alivipanga chini ya kitanda mpaka vikafika kwenye zulia, na mkoba wake mwenyewe, mdogo kama mto wa kulalia kwa kanuni za Gurmeet, ukakaa juu ya kabati kama kitu cha mgeni.

Jumamosi akaja Hugues.

Hugues alikuwa kaka mkubwa wa marehemu Gédéon, mzee wa kanisa, mtu wa kuvaa koti la suti hata akienda kununua maziwa. Alibeba kitu kizito kilichozungushiwa taulo. Aliketi, akapokea chai, akakiweka kile kitu mapajani mwa Orpha na kufunua taulo. Lilikuwa bamba la shaba, kubwa kama sinia la chai, lililochongwa kwa fundi wa Hockley.

Gédéon, 1955–1999. Mwana wa Yakobo na Naomi. Ndugu mpendwa wa Hugues. Pumzika kwa amani.

Orpha alilisoma mara mbili, mara ya pili akienda polepole, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu.

"Nafasi ilikuwa ndogo," alisema Hugues kabla hajaulizwa.

Chini ya maandishi palikuwa na njiwa, mabawa wazi, ameenea kutoka ukingo mpaka ukingo.

Hugues akaeleza. Miguu yake haimruhusu tena safari ndefu. Fundi wa Kadutu ameshaambiwa, atalipigilia kwenye msalaba. Orpha ahakikishe halikai upande, na apige picha. "Mungu amekufungulia njia, shemeji," alisema. "Miaka nane ndugu yangu amelala bila jina."

"Uliniuliza kama ninaenda huko?"

"Mambo kama hayo hayaulizwi."

Akanywa chai ya pili, akalalamikia baridi, akaaga.

Orpha hakuliondoa bamba mapajani. Lilikuwa baridi, na baridi yake ilipenya sketi. Kwa mara ya kwanza alifikiria kweli kubadili tiketi. Angemrudia Mohamedamin Jumatatu asubuhi, aseme Kigali. Angefunga kilemba, abebe kikapu, avuke daraja akiinamisha macho. Aliiona njia nzima mpaka Kadutu, aliona hata ua wa nyuma wa kanisa. Akishikwa, angepoteza kitabu cha bluu, na pamoja nacho chumba hiki, kazi, kila kitu alichokipata kwa kusimulia maisha yake mbele ya watu walioandika bila kuinua kichwa. Asipokwenda, angekuwa mjane aliyeacha kaburi la mume wake akafuata mchanga. Ni hapo hasira ilipomshika sawasawa. Walikuwa wamebakiza kidogo tu kumshinda, na wala hawakujua kwamba kulikuwa na shindano.

Jumapili kanisa lilikutana kama kawaida katika ukumbi wa kukodi nyuma ya ghala la matairi. Harufu ya mpira iliingia mpaka kwenye nyimbo. Baada ya matangazo, mchungaji Athanase aliweka mikono kifuani.

"Dada yetu Mwalimu anasafiri wiki hii," alisema. "Hatutasema wapi."

Watu wakacheka, lile cheko la watu wa nyumba moja.

"Mungu anapajua. Aje mbele apige magoti, tumwombee."

Orpha akaenda mbele. Hakupiga magoti. Alifungua mkoba, akatoa kile kitabu cha bluu, akakifungua ukurasa ambao kila mmoja mle ndani aliujua na hakuna aliyewahi kuusoma kwa sauti. Akausoma kwanza kwa Kiingereza, kama ulivyoandikwa, halafu akautafsiri, polepole, kwa sauti ya darasani.

"Ni halali kwa nchi zote isipokuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo." Akakifunga. "Nchi zote, wapendwa. Ulimwengu una nchi karibu mia mbili, nilizifundisha. Na nyinyi, katika zote hizo, mmenichagulia hiyo moja."

Mchungaji Athanase akashusha mikono.

"Ninaenda Meksiko. Ninaenda kula, kukaa ndani ya bahari, na kuona mawe. Hakuna aliyekufa huko. Hakuna anayeolewa. Vitu vyenu viko kwangu, ninaomba mje mvichukue kabla ya Jumatano."

Katika kwaya msichana mmoja aliguna, ikawa kama kikohozi. Hugues alisimama kwenye safu ya mbele, akashika kiti.

"Na kaburi la ndugu yangu?"

"La mume wangu," alisema Orpha. "Bamba liko chini ya kitanda, shemeji. Na ukilirudisha kwa fundi, mwambie amtoe yule njiwa. Kuna mtu alihitaji ile nafasi."

Mchungaji Athanase akaanzisha wimbo, mapema na juu mno, na wimbo ukamaliza ibada. Maombi ya safari hayakuombwa.

Jumatatu na Jumanne walikuja. Walichukua vitu vyao bila kuketi, wakihesabu kwa macho kama vimepungua. Mwenye suti alisema asante kwa mdomo uliofungwa. Mama wa meno ya bandia, ambaye hakuwa na ubaya na mtu, alimuuliza kwa huruma kama ni daktari aliyemwandikia bahari. Orpha alimjibu kwamba hapana, ameiandika mwenyewe. Jumanne jioni chini ya kitanda vilibaki vitu viwili: mfuko wa Rosalie, ambaye tangu Jumapili hakuonekana hata hospitalini, na bamba la Hugues.

Jumatano akaondoka.

Ingefaa kusema kwamba huko hasira iliisha. Siku mbili za kwanza baharini alizipoteza zote. Maji yalikuwa na rangi ambayo kwenye picha angeona imezidishwa, na yeye aliketi humo mpaka kiunoni, amejifunga kitenge, akibishana na Hugues kichwani na kushinda kila mara bila faida. Alikulia kando ya ziwa Kivu na hakuwahi kufundishwa kuogelea. Wasichana walitumwa kuchota maji, hawakuachwa ndani yake. Gurmeet alielea karibu naye kama gogo, macho yamefungwa, na hakumuuliza kitu. Siku ya tatu wimbi lilimpiga Orpha mgongoni, likamwangusha kifudifudi, na alipoibuka akitema chumvi aligundua kwamba kwa dakika nzima hakuwa amemfikiria mtu yeyote.

Walikula walipokula madereva. Chapati ndogo za mahindi zilizokaangwa, maharage meusi yamefichwa tumboni mwake, juu vitunguu vyekundu vya ndimu na pilipili iliyomtoa machozi hata Gurmeet, aliyelelewa kwa pilipili. Sokoni kulikuwa na unga wa mahindi uliokandwa kwa mafuta, ukawekwa nyama, ukafungwa ndani ya jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Orpha alifungua jani la kwanza, harufu ikampanda puani, akalazimika kugeukia ukutani kidogo. Usiku walilala kwenye bembea za kamba katika nyumba ya wageni yenye kuku uani. Mgongo ulimuuma siku mbili, kisha ukakubali.

Piramidi waliifikia kwa basi la asubuhi, huko Cobá, kisha kwa miguu ndani ya msitu. Kulikuwa na kamba katikati ya ngazi kwa ajili ya waoga, na Orpha aliishika kwa mikono miwili. Ngazi zilizidi mia. Juu kabisa aliketi akitweta, msitu umetanda chini yake pande zote, bapa na wa kijani mpaka mwisho wa macho. Alitamani wale wasichana wamwone.

Alipokuwa anashuka, mwongozaji mmoja alikuwa amekusanya kundi la Waingereza chini ya kivuli. Alikuwa hodari, alijua kuwachekesha. Akasema watu hawa walijenga, wakasoma nyota, wakatunga kalenda, kisha siku moja wakatoweka. Hakuna ajuaye walikwenda wapi. Orpha alisimama kwenye ngazi ya pili kutoka chini, kana kwamba ameitwa.

Kwenye lango la magofu palikuwa na mwanamke mwenye blauzi nyeupe iliyotariziwa maua, anakanda unga wa mahindi juu ya meza ya mbao. Asubuhi Gurmeet, kwa Kihispania chake cha sokoni, alikuwa amemuuliza ni lugha gani anayozungumza na binti yake. Mwanamke akajibu Kimaya, akawashangaa kidogo, kwani walitarajia lugha gani? Alimfundisha Orpha neno moja, akimwonyesha chapati, kisha lile donge la ndani ya jani: *waaj*. Orpha alilirudia mpaka binti akaridhika.

Sasa mwongozaji alifika mezani hapo na kundi lake, akamsalimia mwanamke kama mtu anayekula pale kila siku, akapewa sahani yake bila kuagiza. Orpha akamsogelea.

"Huyu anayekulisha," alimuuliza kwa Kiingereza, "alitoweka lini?"

Mwongozaji akacheka, akasema bibi ni mcheshi, ni namna tu ya kusimulia, wageni wanaipenda. Waingereza wakatazama viatu vyao. Mwanamke hakuelewa, akaendelea kukanda. Orpha alikaa kwenye benchi, na hakuwa na hasira na kijana yule hata kidogo. Kijana aliyasema yale kwa siku moja moja, kwa chakula cha mchana. Orpha aliyasema kwa miaka kumi na mmoja, kwa kalamu nyekundu, na wasichana waliouliza swali la maana alikuwa amewakalisha chini.

Aliporudi Birmingham hakuna aliyekuja. Kwa desturi yao anayetoka safari hupewa siku moja ya kulala, kisha watu humiminika na pole zao na kula alichokuja nacho. Orpha alipanga vikombe Alhamisi, akavirudisha kabatini Ijumaa. Jumapili kanisani walimsalimia kwa ncha za vidole. Mohamedamin peke yake alizipokea picha, akamwita mkewe kutoka nyuma ya duka aje aone, akabandika moja ukutani kati ya Makka na Mombasa.

Jumamosi iliyofuata alinunua majani ya mgomba kwa Nazir, mwenye duka la mboga Sparkhill, na unga wa mahindi, na kuku. Alikuwa anafunga donge la tatu mlango ulipogongwa. Ilikuwa Rosalie, hakuvua koti.

"Nimekuja kuchukua mfuko ya mama yangu."

Orpha akauleta. Rosalie akaufungua, akahesabu paketi za dawa, na akiwa bado ameinama akasema kwamba kuna mtu alimsubiri Orpha darajani siku tatu za soko. Yeye, Rosalie, alikuwa ameshapiga simu kabla. Halafu aliposikia yaliyosemwa kanisani alishindwa kupiga tena, angesema nini? Kwamba Mwalimu amekwenda kuoga? Mama yake, mwenye miaka sabini, alishuka mwenyewe siku ya tatu kuangalia.

"Kwa nini hukuniuliza?" Orpha alisema. "Neno moja tu. Ulisimama pale pale ulipo sasa."

"Nilikuwa ninakulinda." Sauti ya Rosalie ilipasuka. "Umesahau ndugu Luhwindja wa kanisa letu? Aliporudi kule tulimuuliza, akatuambia, maneno yakatembea mpaka yakafika kwa wenyewe, wale wa uhamiaji. Leo iko wapi kitabu yake? Tangu siku ile miye siulizi mtu kitu. Hata mtoto wangu akitoka, simuulizi."

Orpha alikuwa na jibu, alikuwa nalo tangu baharini, lakini halikuwa jibu la maneno haya. Hasira ilikuwapo bado, imesimama katikati ya chumba, haina pa kuketi. Alirudi jikoni kwa sababu sufuria ilikuwa inachemka.

Rosalie akamfuata mpaka mlangoni. Bamba la shaba lilikuwa limeegemezwa ukutani nyuma ya chupa ya mafuta, maana Hugues hakulifuata, na Orpha alichoka kulala juu yake. Rosalie akalisogelea. Alisoma akipitisha kidole chini ya kila neno, kama wanavyosoma waliojifunza ukubwani: mwana wa fulani na fulani, ndugu wa fulani. Kidole kikafika kwa njiwa, kikasimama. Kikarudi juu, kikashuka tena.

"Na weye," aliuliza, "weye uko wapi hapa?"

Orpha alikaza uzi kwenye jani mpaka ukakatika, akachukua mwingine.

Baadaye Rosalie alivua koti. Aliketi kwenye kiti cha pembeni, na lilipotoka donge la kwanza akalifungua kwa ncha za vidole akipuliza mvuke, akamega, akaonja, akameza. Uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza.

"Kumbe ni kama ya kwetu."

"Si ya kwetu," alisema Orpha, kwa ukali ambao hakuutarajia. "Usiniambie ni kama ya kwetu. Ni ya wenyewe, na wako pale, wanakanda kila asubuhi."

Rosalie akasimamisha mkono njiani kuelekea mdomoni. Angeweza kuondoka, mfuko ulikuwa tayari mlangoni.

"Basi kwao," akasema, "inaitwaje?"

Orpha akaweka kisu chini, akajipangusa mikono kwa aproni.

"*Waaj*."

"Wachi."

"Hapana. Vuta katikati. Rudia."